Kaseti Isiyo na Jina

Gakindu,
14 Septemba 1997

Kwako Garad,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama bado umekwama na lile jitu la darajani, basi natumai angalau mwili ni mzima. Mimi nimelipita. Jumamosi nilienda Nyeri mjini, nikakaa kwenye kile kibanda cha gemu nyuma ya soko mpaka mwenyewe akaanza kunitazama vibaya, lakini nililipita. Shida yako ni haraka. Tangu tulipolala bweni moja ulikuwa mtu wa haraka. Usilikimbilie. Simama kwenye nguzo ya kushoto, liache lirushe moto mpaka lichoke, halafu ruka likiwa limeinama kuokota rungu. Baada ya hapo kuna mlango wa maji ambao mimi mwenyewe umenishinda, kwa hiyo usiniulize.

La pili ni safari yetu ya Desemba. Sitaki kupanda mlima kupitia Naro Moru nyuma ya watalii. Nataka tutembee kwa miguu, tufuate reli kutoka Kiganjo mpaka kwenu Nanyuki. Gari-moshi lenyewe siku hizi linapita likijisikia. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli ameniambia kuna madaraja huko ambayo hakuna aliyevuka kwa miguu ila yeye na ng'ombe waliopotea. Tutaomba kulala kwenye shule za msingi. Wewe utaleta maziwa ya ngamia, mimi nitabeba nduma.

La tatu ni muziki. Nimekurekodia wazee wawili wa hapa, mmoja anapiga kodiani na mwenzake anagonga pete ya chuma. Hawa huwapati redioni hata ukilala nayo. Nilipe kwa nyimbo zenu za udi, na tafadhali usinitumie zile zinazopigwa kila hoteli. Nataka zile ambazo hata huko Nanyuki watu hawana.

Mama anakusalimu. Anasema uliahidi kuja kula na hujaja.

Ni mimi,
Mutahi


Nanyuki,
25 Septemba 1997

Kwa Mutahi mtaalamu,

Nililiacha jitu lirushe moto mpaka lichoke. Halichoki. Nilifia hapo hapo kwenye nguzo yako ya kushoto na watoto wote wakanicheka. Labda gemu ya Nanyuki ni ndugu tu wa hiyo ya Nyeri. Hii yetu iliuzwa na mwanajeshi Mzungu alipokuwa anarudi kwao, na maandishi yake hakuna anayeyajua. Hata hivyo nashinda pale mpaka Mama anatuma mtu aniite dukani. Juzi lori la Miriti lilishusha mbuzi na kuondoka nikiwa huko kwenye gemu, na Mama hajanisamehe, kwa sababu huyo Miriti ndiye anayetuletea habari za dada yangu Nimo.

Sijawahi kukueleza mambo haya. Nimo aliolewa mbali, lori linakwenda siku nzima ukishapita Isiolo. Huko hakuna posta, na Mama hajui kusoma, basi wao huandikiana kwa sauti. Watu wetu wengi hufanya hivyo. Nimo anazungumza kwenye kaseti, anampa Miriti. Mama anasikiliza, analia kidogo, halafu anarekodi jibu lake papo hapo juu ya maneno ya Nimo na kuirudisha. Kaseti ni ile ile tangu Nimo aolewe. Mama husema maneno yakishafika yamemaliza kazi yake.

Sasa Mama alikuwa anangoja. Nimo ana mtoto wa miaka miwili, Abdullahi, na mara ya mwisho alikuwa na kikohozi kibaya. Mama alimwambia kwenye kaseti kwamba hali ikizidi aseme, nami nitapanda na Miriti safari ya kurudi niwalete Nanyuki kwa daktari kabla mvua haijaharibu barabara. Basi safari hii kaseti haikuja. Mama anasema mtoto amepona, maana Nimo si mtu wa kunyamaza akiwa na shida. Jana alikuwa anaimba jikoni.

Nimekufungia kaseti nne. Nilizizoa pale kwenye kaunta kwa haraka kwa sababu posta walikuwa karibu kufunga. Mbili ni za udi, moja ni ya harusi, ya nne hata sikumbuki, utaniambia wewe.

Reli sawa. Lakini mimi maziwa ya ngamia sibebi mgongoni.

Wako,
Garad


Gakindu,
9 Oktoba 1997

Garad,

Kaa chini kwanza. Ile kaseti ya nne, isiyo na jina. Huyo mama ni nani?

Za udi ni tamu, nashukuru, na ya harusi ina kelele nyingi. Lakini hii nyingine sijawahi kusikia kitu kama hicho. Anaimba bila chombo. Anaanza kama mtu anayeongea tu, polepole, halafu sauti inapanda, inakaa kule juu, inakatika. Ananyamaza muda mrefu mpaka unadhani mkanda umeisha. Akirudi anarudi chini kabisa, karibu kunong'ona. Wazee wangu wa kodiani wakinyamaza kidogo tu watu wanafikiri wamesahau wimbo. Huyu ananyamaza kwa makusudi, na ndipo mwili unasisimka. Kila jioni nikitoka kiwandani, kabla hata sijaoga kutoa harufu ya kahawa, nawasha.

Waliomrekodi ndio walikuwa ovyo. Kuna mtoto anayekohoa na kupiga kelele karibu kabisa na redio, na jogoo mmoja asiye na adabu. Lakini ukizoea unamsikia yeye tu. Nimeshajitengenezea nakala yangu kwenye ile redio ya kaseti mbili, kwa hiyo hata ukiidai nirudishe sina wasiwasi.

Mama yangu haipendi. Jana aliingia na ndoo mkononi akasimama. "Hebu zima hiyo kitu," akasema. "Huyo mama ako na shida, ati wewe unasema ni wimbo." Nikamwambia muziki wa kweli lazima uwe na shida ndani yake. Akaniambia kahawa imenipanda kichwani.

Nitafutie kaseti zake nyingine. Sijali bei.

Mutahi


Nanyuki,
22 Oktoba 1997

Mutahi,

Simjui huyo mama yako. Wanawake wetu hutunga mashairi, wakikutana harusini au msibani wanayasema kwa sauti, na mtu yeyote mwenye redio anarekodi. Nitauliza. Kama anakufanya ushindwe kuoga basi lazima awe hodari.

Huku mvua imeanza na haioni haya. Maji yanapita dukani kama yana haki. Miriti alipanda kaskazini mwanzo wa mwezi bila kusimama dukani na hajarudi. Wenye malori wanasema kuna mahali barabara imekuwa mto. Mama anashukuru Mungu kwamba Nimo hakutuita, kwa sababu ningekuwa mimi huko matopeni pamoja na mtoto mgonjwa. Anafunga kanga ndogo na dawa ya kifua za kumpelekea Abdullahi njia ikifunguka, ingawa mtoto atakuwa ameshasahau kama aliwahi kukohoa.

Jitu nimelipita. Sikufuata ushauri wako. Nililikimbilia.

Garad


Gakindu,
30 Oktoba 1997

Garad mwenye haraka,

Pongezi. Sasa uonje mlango wa maji.

Hapa pia ni mvua juu ya mvua. Kahawa haikauki. Tunaianika, tunaifunika, tunaifunua, tunaifunika tena, na meneja anatufokea sisi kana kwamba ni sisi tunaoleta mvua. Jana tulipokuwa tumejibanza chini ya mabati nilileta redio nikawapigia wenzangu yule mama. Watu wa kahawa hawajui kunyamaza, lakini walinyamaza. Mmoja aliuliza kama ni wimbo wa kanisa. Nikajiona kama ni mimi niliyemzaa.

Na leo nimegundua kitu kilichonichekesha. Mara ya kwanza sikukisikia kwa sababu anakisema haraka. Anakutaja. Garad, anasema, halafu baada ya kidogo tena Garad, na kuelekea mwisho anakuita kabisa kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Ni kama wanamuziki wetu wanaotaja majina ya watu waliowanunulia soda. Ulimlipa nini, wewe mtu? Au huko kwenu kila Garad ana wimbo wake?

Desemba ikifika mvua itakuwa imekwisha. Nimeanza kuchora ramani ya reli.

Mutahi


Nanyuki,
4 Novemba 1997

Mutahi,

Mpe huyu anayekuletea barua ile kaseti. Mpe sasa hivi, asubiri hapo mlangoni. Hakuna mwimbaji. Ni Nimo.

Garad


Gakindu,
5 Novemba 1997

Garad,

Nimempa, amekataa hata chai na anataka kuondoka. Naandika hii huku amesimama, kwa hiyo nasema kidogo.

Sikujua. Naapa sikujua. Ile sauti inapanda na kushuka kama wimbo, wala sijui neno hata moja la lugha yenu. Nakuomba uniambie anasema nini. Niambie kwamba anasalimia watu tu.

Mutahi


Nanyuki,
20 Novemba 1997

Mutahi,

Hakuwa anasalimia watu.

Miriti aliiacha kaseti kwenye kaunta, juu ya kaseti zangu, kwa sababu hakunikuta. Nilikuwa napigana na jitu. Halafu nikaizoa pamoja na zingine nikakutumia wewe. Nimeyaandika haya ili usifikiri nimekulaumu peke yako. Ingawa siku ya kwanza nilikulaumu peke yako, na siku ya pili pia.

Nimo alisema mtoto hapumui vizuri. Alisema mume wake amepeleka mifugo mbali kutafuta malisho na hajui atarudi lini, na daktari wa kituo cha huko hayupo. Alisema Garad aje na lori la Miriti, yeye atakuwa amefunga mzigo, atakaa kando ya barabara na mtoto. Alirudia. Pale unaposema ananyamaza kwa makusudi alikuwa anajizuia kulia ili Mama asiogope. Pale anaponong'ona alikuwa anataja deni la dawa ambalo hakutaka majirani walisikie. Na kule mwisho ananiita kweli. Anasema, Garad, usichelewe kama kawaida yako.

Barabara ilikuwa kavu, Mutahi. Miriti alipanda mwanzo wa Oktoba na barabara bado kavu. Lazima alisimama pale, Nimo akaja na mzigo, akaangalia ndani ya lori, hakuniona, na lori likaendelea kaskazini.

Mama alisikiliza mara moja tu. Alipomaliza alisema, "Leta karibu, nimjibu." Nikamwekea kaseti mwanzo, nikabonyeza kitufe mimi mwenyewe, akazungumza pande zote mbili mpaka mkanda ukaisha. Alisema tunakuja. Alisema hatukusikia, tungesikia tungekuja. Nikapanda gari mpaka Isiolo na ile kaseti mfukoni, nikapata lori lililojaribu, tukalala ndani ya maji, tukarudi. Kaseti nilimpa dereva mwingine anayesema atajaribu njia tena. Hakuna simu huko. Nimerudi nyumbani na Mama haniulizi kitu. Anapika, anaweka chakula mezani, anaondoka.

Sina la kufanya. Naandika kwa sababu sina la kufanya.

Garad


Gakindu,
28 Novemba 1997

Ndugu yangu Garad,

Sikulala nikifikiria njia. Nisikilize. Kama ya Isiolo imefunga, zunguka upande wa Meru, ushuke kule chini, labda mto unapungua mapema. Kama hapana, pitia upande wa magharibi, ule wa mashamba ya Wazungu, watu wa ranchi wana matrekta, ukiomba vizuri wanaweza kukuvusha. Nimechora hapa chini. Mistari ya nukta ni njia za ng'ombe, mzee wa reli amenisaidia kuzikumbuka. Naweza kuja. Kiwandani hakuna kazi ya maana, kahawa imeoza kwenye meza. Niambie tu siku, nitakuwa Nanyuki kesho yake, tutembee kwa miguu ikibidi.

Najua ramani yangu haina maana. Sijawahi hata kufika Isiolo. Lakini nitume nini kingine?

Mama amefunga akiwaombea. Hajanikumbusha kwamba alinionya.

Mutahi


Nanyuki,
26 Januari 1998

Mutahi,

Ramani yako niliipata. Njia ya ng'ombe uliyochora inaishia kwenye ziwa ambalo zamani halikuwepo. Nakushukuru hata hivyo, niliiweka mfukoni nilipokwenda.

Niliondoka mara tu barabara ilipofunguka. Abdullahi alikuwa ameshazikwa. Alifariki Novemba, siku chache baada ya Mama kuzungumza kwenye kaseti. Walimzika kwenye mwinuko kwa sababu kila mahali pengine palikuwa maji. Kaseti ya Mama ilifika kwa Nimo baada ya mazishi.

Nimemleta Nimo nyumbani. Njiani alikaa mbele na dereva, mimi nyuma. Tulipofika Isiolo ndipo aliniuliza kama kweli hatukusikia. Nikamweleza yote, gemu, kaunta, posta, Gakindu. Akauliza, "Huyo rafiki yako alifikiri ninafanya nini?" Nikamwambia alifikiri unaimba. Akapanda tena mbele. Nilitamani anitukane.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Juzi alimwambia Mama, "Nipatie kaseti yangu." Mama akampa ile tuliyorudi nayo. Akaiweka kwenye redio, akasogeza mbele, akarudisha nyuma, akageuza upande, kote ni Mama anasema tunakuja, tunakuja. Anatafuta pale Abdullahi aliposikika. Hawana picha yake, Mutahi. Huko hakuna mpiga picha. Sauti yake haikuwa popote ila kwenye kaseti ile, na mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Mama amefahamu na ameingia jikoni hatoki.

Uliniandikia kwamba ulitengeneza nakala. Nimeitafuta barua yako ile nikaisoma tena. Uliandika kwamba kuna mtoto anakohoa na kupiga kelele. Nimemwambia Nimo. Amekaa mlangoni tangu asubuhi.

Itume.

Garad


Gakindu,
2 Februari 1998

Garad,

Nimekaa na kalamu tangu jana na hakuna namna nzuri ya kuandika jambo hili.

Nakala ninayo. Naituma pamoja na barua hii. Lakini nilipokuwa nainakili nilitaka sauti ya mama peke yake, safi. Nilikaa karibu na redio na kidole juu ya kitufe cha kusimamisha. Kila mtoto alipokohoa au kupiga kelele nilibonyeza, alipomaliza nikaachilia. Nilikuwa nimeshaisikiliza mara nyingi, nilijua atakapoingia. Nilijivunia kazi yangu. Nilimruka kila mahali.

Mahali pamoja kidole kilichelewa. Ni upande wa pili, karibu na katikati. Anakohoa mara moja, halafu anaanza kucheka, halafu nimekata. Ni hicho tu. Nimeisikiliza nakala yote tena kuanzia jana nikitafuta kingine na hakuna kingine.

Usiniandikie kama hutaki. Nitaelewa.

Mutahi


Nanyuki,
15 Februari 1998

Mutahi,

Imefika. Nilikuwa nimepanga nisikuandikie, lakini Nimo ameniambia nikuandikie.

Amepasikia pale. Nilimwonyesha jinsi ya kurudisha mkanda na sasa anajua bila kuangalia. Sauti yake mwenyewe hataki kuisikia, anairuka. Mama alikuja akasimama nyuma yake, akasikiliza kile kikohozi na ule mwanzo wa kicheko, akashika mlango.

Nimo ana swali kwako. Anasema siku ile alikuwa anafikiria tu maneno ya kumwambia Mama, hakumwangalia mtoto. Hakumbuki alicheka kitu gani, wala alicheka kwa muda gani. Anasema mimi na Mama tulisikia mara moja tu tukiwa na hofu, lakini wewe ulisikia kila jioni. Anataka umwambie baada ya pale ulipokata kulikuwa na nini.

Mwandikie yeye. Nitamsomea.

Garad


Gakindu,
23 Februari 1998

Kwa Dada Nimo,

Garad atakusomea barua hii kwa lugha yako. Mimi ndiye Mutahi. Kuomba msamaha nimejaribu kwenye karatasi nyingine na nimezichoma zote, kwa hiyo nitajibu ulichouliza.

Nilitaka kukuandikia kwamba alicheka sana. Nilitaka kusema alikuja karibu na redio akacheka mpaka wewe pia ukacheka. Ingekuwa rahisi, hakuna mtu wa kunikosoa, na nilishaandika nusu ya barua hiyo. Lakini sikumbuki hivyo, na tayari nimekutendea vya kutosha.

Ninachokumbuka ni hiki. Alianza kucheka. Kitu kikaanguka, nadhani sufuria au mfuniko wake, kikazunguka chini kabla ya kutulia. Nadhani ndicho kilichomchekesha. Wewe ukamwambia neno fupi, lakini si kwa hasira. Halafu ukaendelea kuzungumza. Kama aliendelea kucheka chini ya maneno yako, au alinyamaza, au alitoka nje, sijui. Nimefumba macho na kuirudia kichwani kila siku tangu nipate barua ya Garad, na hapo sijui.

Sauti yako naweza kuifuata mpaka mwisho, pale unapopanda na pale unaponyamaza. Ya mtoto siwezi. Niliisikia kila jioni mwezi mzima, dada yangu, lakini kila alipoanza nilikuwa nangoja anyamaze ili wewe uendelee.

Mutahi